Kidonda Kinachoegemea Kushoto

Darlene Harju hunusa kwanza, ndipo anaangalia. Akifika chumbani kwa mzee mwenye kidonda husimama mlangoni, hufumba macho na kuvuta hewa kama mpishi anayekagua sufuria ya mwenzake. Wazee wapya hudhani ana mafua. Wale wa zamani hunyamaza wakamsubiri, maana wanajua akishafumbua macho atakuwa ameshajua nusu ya mambo.

Mimi naitwa Duane. Nimekuwa mhudumu wa wodi katika Nyumba ya Maveterani, makao ya wanajeshi wa zamani hapa kwetu, tangu migodi ya chuma ilipoanza kupunguza watu, na kazi yangu, ukiniuliza, ni kunyanyua. Nanyanyua wanaume wazima, nawageuza, nawakalisha, nawalaza. Wananiita kijana ingawa nina wajukuu na goti bovu. Darlene ni nesi wa vidonda. Hana wodi yake maalumu. Palipo na ngozi iliyopasuka ndipo penye kazi yake, na popote anapokwenda mimi huitwa nyuma yake, kwa sababu kidonda cha mtu asiyejigeuza hakionekani mpaka mtu anyanyuliwe.

Mjini watu wanamsema. Wanasema ni mwanamke wa ajabu anayezungumzia usaha mezani. Hilo ni kweli na siwezi kumtetea. Msimu mmoja wa kuwinda paa tulikuwa tunakula mikate ya nyama na viazi kwa dada yangu, akaanza kutueleza tofauti ya nyama mpya na nyama iliyokufa, tena akionyesha kwa uma. Dada yangu hajamwalika tena. Darlene hakugundua kwamba hajaalikwa.

Baba yake alikuwa mchimba chuma kama babu yangu. Jiwe lilimsaga mguu Darlene akiwa bado anasoma, na kidonda kikakaa miaka mle nyumbani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mama yake alikuwa akikifunga huku amegeuza uso. Darlene ndiye aliyeinama.

Aliniambia siku moja, "Kila mtu alikuwa anauliza kitapona lini. Mimi nilikuwa nataka kujua kinafanya nini mle ndani."

Aliolewa na dereva wa malori ya magogo, wakaachana bila ugomvi. Yule bwana alisema amechoka kuwa wa pili baada ya miguu ya wanaume wengine. Darlene alikubali kwamba hoja yake ilikuwa na mantiki.

Basi, mwaka huo theluji iliwahi, na Sajenti Royce Paquette akawa na kidonda kisichotaka kusikia.

Paquette alipigwa risasi ya uti wa mgongo kule Vietnam akiwa kijana mbichi kabisa, na tangu hapo hana habari na chochote kilicho chini ya kitovu. Mtu wa hivyo hahisi kiti chake cha magurudumu kinapomuumiza. Wewe na mimi tukikaa vibaya makalio hutulalamikia, tunajisogeza bila kufikiri. Yeye ngozi yake inakufa kimya kimya. Kidonda chake kilikuwa kwenye mfupa wa kukalia, upande wa kushoto. Kwa nje kidogo tu, ungekifunika kwa kizibo cha chupa. Lakini ndani kilikuwa na pango, na kila wiki Darlene alipoingiza kijiti cha pamba kupima, kijiti kilizama zaidi.

Darlene alimfanyia kila kinachofanywa. Alimpa mto wa hewa, godoro la hewa, mayai, maziwa, shashi za kila aina. Akaamuru asikae kitini zaidi ya saa moja kwa siku, muda uliobaki alale ubavu. Pango likaendelea kuchimba.

Sasa elewa kilichokuwa kinamsubiri. Kila mwezi hutujia daktari wa upasuaji kutoka hospitali kubwa, iliyo mwendo wa nusu siku ukiwa na bahati na barabara. Alishasema akirudi akakuta pango limegusa mfupa, atamchukua Paquette akamkate na kumshona, na huko atalala miezi. Kwa mtu mwingine ingekuwa habari nzuri. Ila Arvo Niemi hakuwa na miezi.

Arvo alikuwa mpishi wa jeshi, mwembamba, mkimya, na aliishi chumba kimoja na Paquette miaka kumi na kitu wakigombania dirisha. Paquette alitaka lifungwe, Arvo alitaka lifunguliwe hata theluji ikiingia. Kila mchana walicheza karata, ule mchezo ambao pointi huhesabiwa kwa vijiti kwenye ubao wenye matundu, wakitukanana. Mapafu ya Arvo yalipokwisha kabisa akahamishiwa chumba cha mwisho wa ukumbi, cha wanaokaribia kufa. Kwetu anayehamia pale haachwi peke yake. Si sisi wafanyakazi tunaokaa naye, ni wenzake. Wanapangana kwa mdomo kama walivyokuwa wakipangana lindo jeshini, kila mmoja saa yake, na hakuna ofisa anayeingilia. Hata wakurugenzi waliokuja na maneno mengi wameliacha hilo jinsi lilivyo.

"Saa yako moja kitini," Darlene alimwambia Paquette, "itumie kwa Arvo ukitaka. Lakini moja."

"Sawa, Sista."

"Usiniitikie kijeshi. Nimesema moja."

"Nimesikia moja, Sista. Masikio hayakupigwa risasi."

Asubuhi moja tulikuwa tumemlaza ubavu, mimi nimeshika bega na nyonga, Darlene ameinama nyuma na taa yake ya kichwani. Akachungulia mpaka mikono ikaanza kuniwaka moto.

"Duane, njoo uone."

"Nikija ataanguka."

"Basi sikiliza. Mtu anayeteleza mbele kitini, pango lake huchimba kwenda juu, mgongoni. Wote wako hivyo. Hili linakwenda pembeni, nje, kushoto. Kwa nini?"

"Mimi najuaje?"

"Sikuulizi wewe, nakiuliza chenyewe."

Paquette akacheka kwenye mto. "Kikikujibu niambie, Sista. Mimi hakijawahi kunisemesha."

Ungefikiri mtu angekasirika, kidonda kinamshinda na daktari anakuja. Darlene alikuwa amefurahi. Naijua ile sura. Macho yanang'aa na kope hazipepesi. Mchana ule nikamkuta kwenye chumba chake cha kazi amekaa kwenye kiti cha akiba kilicho sawa na cha Paquette, chakula chake hakijaguswa.

"Funga mlango," akasema. "Weka mkono wako hapa chini yangu, kwenye mfupa wa kushoto."

"Darlene, mimi nina mke."

"Mke wako akitaka naye aje aweke. Weka mkono, Duane!"

Nikaweka. Akainama mbele, akauliza, "Unaminywa?" Kidogo. Akaegemea nyuma. Kidogo. Akainama kulia, mkono ukapumua. Kisha akaegemea kushoto akanyoosha mkono kama anayetaka kushika kitu cha mbali, na mfupa wake ukanisaga vidole mpaka nikatukana.

"Ndiyo hiyo!" Alifurahi utadhani amepata mtoto. "Anaegemea kushoto na kunyoosha mkono. Si mara moja, ni saa nyingi. Anataka nini huko kushoto?"

Siku mbili tulizunguka na kile kiti kama wendawazimu. Darlene alikiweka kila mahali Paquette anapokaa. Kwenye meza ya chakula chumvi ilikuwa kulia. Kwenye runinga hakuna cha kushika. Dirishani angeegemea mbele. Wazee walituangalia tukipita na kiti kitupu wakauliza kama tumempoteza mwenyewe.

Nilipochoka nikamwambia, "Kwa nini usimuulize?"

"Nimemuuliza. Kasema analala ubavu kama mtoto mwema. Anadanganya, lakini kidonda hakidanganyi, kwa hiyo nasikiliza kidonda."

Jibu lilitoka mkononi. Darlene alikuwa anampima Paquette presha, akakunja mkono wa kushoto wa shati, na ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, kulikuwa na mstari mwekundu ulionyooka, mpana kama kidole. Akaushusha mkono wa shati taratibu, akamfunga kifungo, akatoka. Ukumbini akanishika bega.

"Kile ni chuma cha kitanda. Chuma cha pembeni, cha kuzuia mtu asianguke. Kitanda cha Paquette kina chuma?"

"Hakina. Alitaka kiondolewe zamani."

"Cha nani kinacho?"

Hakungoja nimjibu. Lakini badala ya kwenda chumba cha mwisho akaenda kwanza sebuleni, alikokuwa Elwood Trudeau, baharia mstaafu mwenye mdomo mrefu, ambaye zamu yake ya kukaa na Arvo ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha.

"Mzee Elwood, ulikuwa kwa Arvo?"

"Ndiyo, Sista. Saa nzima."

"Anaendeleaje?"

"Ah, anapumua tu, maskini."

"Blanketi lake lile unalionaje, linampa joto? Lile la kijani?"

"Zuri sana. La jeshi hilo, haliishi."

Dada yake Arvo alikuwa amemletea jingine alilofuma mwenyewe, jekundu kama nyanya, na la kijani lilikuwa limeshakwenda kufuliwa. Elwood alijua amenaswa kabla Darlene hajafungua mdomo tena. Akatazama viatu vyake.

"Elwood. Nani amekaa zamu yako?"

"Sista, siwezi kumtaja mwenzangu."

"Sijakwambia umtaje. Nenda kale keki yako."

Tukafungua mlango wa chumba cha mwisho. Kitanda cha Arvo kimesukumwa ukutani, kwa hiyo unaweza kukaa upande mmoja tu, na Paquette alikuwa hapo kitini, kitanda kikiwa kushoto kwake. Ameegemea mpaka bega limepita kiti, mkono umepanda juu ya chuma na kushuka ndani, umeshika mkono wa Arvo. Mapajani mwake kulikuwa na ule ubao wa matundu. Karata za Arvo zilikuwa zimechomekwa kwenye ukingo wa blanketi jekundu, Paquette akizisoma kwa sauti.

"Una nane, una saba, una malkia. Nikushushie saba? Bana kama ni ndiyo." Akasubiri. "Mjinga wewe, hiyo saba nakuua nayo. Haya, shauri yako."

Arvo alikuwa amefumba macho. Kidole gumba chake kilisogea kidogo juu ya kiganja cha Paquette.

Zamu zote za mchana alikuwa amezichukua yeye, akijihamishia kitini kwa mikono tukishampa kisogo. Wenzake walimwachia, kila mmoja akajua ni zamu yake tu aliyoiacha, na hakuna aliyesema kwa sababu wale wazee hawasemi. Wanaweza kusengenyana kutwa nzima kuhusu supu, lakini mwenzao akivunja amri wanakuwa mawe. Nadhani hata wangemwona anakufa kitini wangesema yuko bafuni.

"Royce," Darlene akasema. Hakusema Sajenti.

Paquette hakugeuka. "Nikiuachia mkono anashtuka. Anataka kushuka kitandani, anatafuta mlango. Nikiushika analala. Sasa niambie nifanye nini, Sista, na usiniambie saa moja."

"Umekaa namna hii tangu lini?"

"Tangu alipohamia."

"Unajua unajiua?"

"Najua naoza. Kuna tofauti. Siwezi kumwacha huyu aende mbele ya Mungu akiwa amenipita kwa vijiti."

Niliona Darlene anataka kukasirika na hasira haiji. Nilijua anachopima. Akimlaza Paquette kwa nguvu, kidonda kitapona na Arvo atakufa akitafuta mlango. Akimwacha kitini, daktari atakuta mfupa, atamchukua, na Arvo atakufa vilevile bila mkono wa kushika. Kitanda cha pili hakiingii chumba kile. Akazunguka kile kiti, akachuchumaa, akatazama pembe ya mgongo, pembe ya mkono, urefu wa godoro la Arvo kutoka sakafuni. Akapima kwa kiganja chake. Macho yakaanza kung'aa tena.

"Duane, lile toroli la kulalia tumbo bado liko stoo?"

Paquette akageuka mara moja. "Hapana."

"Liko," nikasema.

"Nimesema hapana! Afadhali mnizike."

Toroli lile ni jembamba kama meza ya kupigia pasi, lina magurudumu makubwa mbele. Mtu aliyepooza hulalia tumbo, akaliendesha kwa mikono, makalio yakipigwa na hewa. Zamani hospitali za wanajeshi zilikuwa zimejaa hayo. Paquette alipotoka vitani alilala juu yake zaidi ya nusu mwaka, kijana wa umri wa kwenda dansi, na wasichana waliokuja kuwaimbia wagonjwa walikuwa wanaongea na kisogo chake. Aliwahi kuniambia kwamba alipopewa kiti aliapa hatalala tena kama samaki mezani mwa mchuuzi.

"Royce, nisikilize," Darlene akasema. "Ukilalia tumbo, hakuna kinachogusa kidonda. Hata kidogo. Unaweza kukaa hapa mchana kutwa, na mimi sitakuhesabia saa. Na toroli liko kimo kimoja na godoro lake. Chuma tutakishusha, wewe ndiye utakuwa kizuizi chake."

"Watu watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Mimi nitakucheka wa kwanza. Chagua: tumbo, au hospitali kubwa."

Arvo akakohoa, mkono ukakaza. Paquette akautazama ule mkono muda mrefu.

"Makalio yangu nje mbele ya Elwood Trudeau," akasema mwishowe. "Haya. Leta hilo jeneza lenye magurudumu."

Nililiosha mwenyewe, nikalipaka mafuta magurudumu. Darlene akalipanga mito kwa namna yake, mmoja kifuani, mmoja chini ya magoti ili vidole vya miguu visiguse, akapitisha kiganja kila mahali kutafuta panapobana. Na wazee walicheka kweli. Elwood alimpigia saluti ya upande usiofaa. Lakini tulipolisukuma hadi chumba cha mwisho, tukashusha chuma, Paquette akajikuta uso kwa uso na Arvo, pua zikiwa karibu kugusana. Kitini alikuwa akimwangalia kutoka juu. Sasa walikuwa wawili wamelala sawa. Arvo alifumbua macho akamwona.

"Dirisha," Arvo akasema kwa pumzi.

"Theluji inaanguka, mwendawazimu."

"Dirisha."

Paquette akaniangalia. "Kijana, mfungulie huyu mpumbavu dirisha."

Daktari wa upasuaji alipokuja, pango lilikuwa halijagusa mfupa. Lilikuwa limeanza kujaa nyama mpya nyekundu, yenye punje punje kama zabibu, Darlene anavyopenda. Daktari, mtu muungwana, akaingiza kijiti mara mbili kuhakikisha, akauliza nini kimebadilika. Darlene akamweleza yote, na mkono, na kiti, na vidole vyangu vilivyosagwa. Daktari akasema mnaendelea vizuri, nitapita tena, akaondoka kabla barabara haijafungwa.

Ikawa ndiyo maisha ya wiki zile. Darlene alianza kufunga kidonda mle mle kwa Arvo, kwa sababu Paquette hakutaka kuondoka, na kwa kweli kazi ilikuwa rahisi. Kidonda kiko juu, wazi, sina cha kunyanyua. Mimi nilishika taa. Yeye aliinama nyuma akiongea na kidonda, Paquette aliongea na Arvo mbele, na mara nyingine sikujua nani anajibiwa.

"Umeshiba leo wewe, eh? Unapendeza."

"Nani, mimi?"

"Nyamaza, Royce, sikusemeshi wewe."

Siku moja, mchana mweupe, magari ya kusukuma theluji yalikuwa yakinguruma huko barabarani. Darlene alikuwa ameshatoa shashi ya zamani, ameosha, glavu zimelowa, kidonda kiko wazi, anakijaza taratibu kwa kijiti. Paquette alikuwa anasoma karata. Akanyamaza katikati ya karata. Sikulitilia maanani, nilidhani anafikiri.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, ameniachia mkono."

Niliinua macho. Kifua cha Arvo kilikuwa kimetulia. Uso wake ulikuwa umemwelekea Paquette, mdomo wazi kidogo, mkono umefunguka juu ya blanketi jekundu, na mkono wa Paquette bado uko ndani yake, umeshika wenyewe.

Darlene alisimama na kijiti hewani. Nilimwona hajui aanze wapi, mwanamke niliyemwona akifunga miguu iliyojaa funza bila kupepesa. Alipiga hatua moja kuelekea upande wa Arvo, akasita, akatazama kidonda kilicho wazi.

"Maliza, Sista," Paquette akasema. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye mto. "Maliza tu. Hana haraka tena. Na mimi sitoki hapa."

Akarudi. Akainama. Akajaza pango lote, ambalo sasa lilikuwa dogo, akaweka kifuniko, akapitisha kidole gumba ukingoni pande zote nne ili kishike, polepole kuliko siku yoyote. Machozi ya Darlene yalidondoka kwenye mgongo wa Paquette, pale juu ya kiuno ambapo bado anahisi. Kila kifuniko lazima kiandikwe tarehe, ndiyo taratibu. Darlene akavua glavu, akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya kile kitambaa cheupe, na kalamu haikusogea.

"Duane," akaniuliza, "leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akaiandika.